Gogo Moja, Vitabu Viwili

Mwaka 2012 Msumbiji iliandika katika vitabu vyake kwamba imeuza nje, kwa dunia nzima, meta za ujazo 260,385 za magogo na mbao. Mwaka huohuo forodha ya China peke yake iliandika kwamba imepokea kutoka Msumbiji meta za ujazo 450,000 hivi. Toa. Zinabaki karibu 190,000. Huo ni mzigo uliopakiwa melini, ukavuka Bahari ya Hindi, ukashushwa upande wa pili na kupimwa, lakini kwa vitabu vya nchi ulikoota haukuondoka. Na hapo Msumbiji imefanyiwa hisani, kwa sababu tumechukulia kwamba kila kipande ilichokiandika kilikwenda China, ilhali ilikuwa na wateja kwingine pia.

Hesabu hiyo waliifanya EIA, shirika la uchunguzi wa mazingira lenye makao London, na kuitoa mwanzoni mwa 2013. Walikuwa na kamera za siri pia, lakini kipande kizito zaidi cha kazi yao hakikuhitaji kamera. Kilikuwa hesabu ya kutoa ya darasa la pili.

Ndiyo maana mimi, nikitaka kujua biashara ya mbao ngumu kati ya nchi mbili ina thamani gani, sitosheki na jibu la muuzaji. Nawauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, kama wazee wanavyowahoji vijana wawili waliorudi machungani na mbuzi pungufu. Muuzaji ana sababu nyingi za kuandika kidogo: mrabaha, ushuru, leseni yenye kikomo cha ujazo, marufuku ya aina fulani ya mti. Mnunuzi wa China hana sababu kubwa ya kuficha ujazo, kwa kuwa nchi yake iliacha kutoza ushuru wa forodha kwenye magogo tangu 1999. Anatozwa kodi ya ongezeko la thamani, nayo humshawishi apunguze bei kwenye karatasi, si idadi ya magogo. Kwa hiyo ujazo wake uaminiwe zaidi kuliko dola zake. Wachambuzi wengi huanza na dola kwa sababu zinapendeza kwenye kichwa cha habari, kisha wanashangaa kwa nini hesabu zao zinabishiwa.

Na kubishiwa ni haki, kwa sababu tofauti kati ya vitabu viwili si lazima iwe wizi. Mtu asiyejua hili ataona mwizi nyuma ya kila kontena.

Kwanza kuna bei yenyewe. Nchi inayouza huandika thamani ya mzigo ukiwa tayari melini katika bandari yake, ile ambayo mawakala wa forodha huiita FOB. Nchi inayonunua kwa kawaida huandika bei iliyokwishaongezewa nauli na bima, CIF. Kwa miaka mingi Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa na kanuni ya mkato ya kuongeza asilimia 10 ili kutoka bei ya kwanza kufika ya pili. Kwa simu za mkononi asilimia 10 ni nyingi. Kwa magogo, mzigo mzito unaokula nafasi na wenye bei ndogo kwa kila tani, inaweza kuwa kidogo. Pengo la robo kwa dola, basi, halitoshi kumtia mtu pingu.

Kuna vipimo pia. Karani mmoja anaandika kilo, mwingine meta za ujazo, na kati yao kuna mtu anayebadilisha kwa kiwango kimoja kwa miti yote. Meta moja ya ujazo ya mpingo mkavu inakaribia tani 1.2, ndiyo maana mpingo huzama majini. Mninga wa ujazo uleule ni kama nusu ya uzito huo. Ukiigeuza shehena ya mpingo kuwa meta za ujazo kwa kiwango cha mninga, umezalisha kwa kalamu msitu ambao haukuwahi kuota. Halafu kuna gogo na ubao: ili upate meta moja ya ujazo ya mbao zilizopasuliwa unahitaji kama meta mbili za gogo, na kwa wapasuaji wa shimoni hasara ni kubwa zaidi. Anayejumlisha magogo na mbao bila kwanza kuzirudisha mbao kwenye gogo anajumlisha unga na mahindi. Wazee wa boriti za mikoko, waliopakia majahazi kutoka Rufiji na Lamu kwenda Uarabuni, walihesabu kwa korja, boriti 20 kwa korja, na mpokeaji wa Muscat alihesabu kwa korja hiyohiyo. Sisi tuna kompyuta na tumepotezana.

Halafu mwaka. Meli iliyong'oa nanga Disemba hufika mwaka unaofuata. Hili hujirekebisha ukichukua miaka mitatu kwa pamoja, na anayetegemea mwaka mmoja tu ajue hatari yake. (Mimi mwenyewe nimeanza na mwaka mmoja hapo juu. Ndiyo sababu sitaishia hapo.)

Utata wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye asili ya mzigo. Bandari ya Dar es Salaam si ya Tanzania peke yake, inahudumia Zambia, Kongo, Malawi na wengine. Magogo ya mkula, ule mti mwekundu ambao kwetu tunauita mkurungu, yametoka Haut-Katanga na Zambia kwa malori mengi na kupakiwa katika bandari za majirani. Karani wa forodha China akiandika nchi ya bandari badala ya nchi ya kisiki, Tanzania inabebeshwa dhambi ya Kongo. Mombasa inaijua hadithi hiyohiyo kwa mahogani ya Ituri na Beni, mashariki mwa Kongo, inayopita Uganda. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba pengo lote la Tanzania ni magendo ya Tanzania, namwomba kwanza anionyeshe vitabu vya usafirishaji wa mizigo ya majirani.

Sasa toa hayo yote. Toa nauli, toa bima, toa makosa ya kilo, toa meli za Disemba, toa magogo ya Katanga. Kinachobaki ndicho ninachotaka tukitazame.

Kwetu Tanzania kitu hicho kiliwekwa mezani mwaka 2007, katika ripoti ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu misitu ya kusini. Waliweka vitabu viwili sambamba wakakuta China imeandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara 10 ya yale yaliyoandikwa Tanzania kwamba yamepelekwa China. Mara 10. Hakuna nauli ya meli inayofika huko, na wakati ule wimbi la mkula wa Katanga lilikuwa bado halijaanza. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba serikali ilikuwa inakosa hadi dola milioni 58 kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kulipwa haukulipwa.

Ilifikaje huko? Watu wa Lindi na Mtwara wanaijua tarehe bila kufungua kitabu. Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, karibu kilomita moja ya zege. Kabla yake kulikuwa na pantoni ya Ndundu, na masika yakishika kusini ilikuwa kama kisiwa. Daraja lilileta dawa, saruji na mabasi, na hakuna mtu mwenye akili anayetamani pantoni irudi. Lakini malori yaliyopeleka saruji yalihitaji mzigo wa kurudi nao, na mzigo uliokuwa tayari kando ya barabara, usiohitaji mbolea wala palizi, ulikuwa mninga, mkongo, mpingo, mpangapanga na mtondoro. Upande wa pili wa bahari China ilikuwa imeanza kuzuia ukataji katika misitu yake ya asili tangu 1998, baada ya mafuriko makubwa ya Mto Yangtze. Wao walifunga msitu wao miaka ileile sisi tulipokuwa tunajiandaa kufungua wetu.

Msumbiji ilifuata njia ileile kwa majina mengine. Mninga wetu kwao ni umbila, mkongo ni chanfuta, mpangapanga ni jambire, mpingo ni pau-preto. Ruvuma haijui mpaka, na mti ulioota kusini yake ni ndugu wa ulioota kaskazini. Mwaka 2011, bandarini Nacala, yalizuiwa makontena 561 ya mbao zilizokuwa zikitoroshwa. Ripoti nyingine ya EIA, ya 2014, ilikadiria kwamba asilimia 93 ya ukataji wa 2013 nchini humo ulikuwa nje ya sheria. Ukiziweka nchi hizi mbili pamoja unaona zamu: kusini mwa Tanzania ilipobanwa katikati ya muongo wa kwanza wa 2000, mahitaji hayakupungua, yalihama.

Mtu atasema: dawa ni kupiga marufuku magogo kusafirishwa, yapasuliwe hapa, tupate ajira. Wazo zuri, nalo limejaribiwa. Tanzania ilitangaza marufuku, ikailegeza kwa wenye akiba yadini, ikaitangaza tena. Msumbiji ilizuia magogo ya miti yake ya daraja la kwanza kutoka bila kupasuliwa tangu 2007, na kuanzia 2017 ikazuia magogo ya miti yote ya asili. Lakini angalia marufuku inavyovifanya vitabu. Kitu kilichokatazwa hakiandikiki. Karani wa bandarini hawezi kujaza fomu inayosema “magogo ya mkongo yaliyokatazwa, kontena sita.” Atajaza mbao, au mengineyo, au hatajaza. Kwa hiyo siku marufuku inapoanza, takwimu za muuzaji zinashuka hata kama hakuna shoka lililowekwa chini, na waziri anasimama kusema sera imefaulu. Tofauti inaonekana ng'ambo tu, ambako magogo yanaendelea kuandikwa kama magogo, kwa sababu huko si kosa. Katika zile 450,000 ambazo China iliziandika mwaka 2012, sehemu kubwa yalikuwa magogo, si mbao, miaka mitano baada ya zuio la daraja la kwanza.

Sisemi marufuku haifai kabisa. Gabon ilizuia magogo mwaka 2010, ikajenga eneo la viwanda la Nkok, nje kidogo ya Libreville, na leo inauza mbao na maganda ya kutengenezea plaiwudi. Marufuku yao ilikuwa na mashine nyuma yake. Hata hivyo mwaka 2019 makontena zaidi ya 350 ya mti wao wa thamani, kevazingo, yaliyokuwa yamezuiwa bandarini Owendo, yalitoweka, na Mei makamu wa rais pamoja na waziri wa misitu wakafukuzwa kazi. Makontena hayo yangekwisha kufika China yangeandikwa vizuri tu.

Wengi hutaja rushwa ya vizuizi vya barabarani, nami sibishi. Kila aliyesafiri barabara ya Kibiti usiku amewahi kuona lori likisimama, dereva akishuka na hati ya kusafirishia mazao ya misitu mkononi, na mkono mwingine mfukoni. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini hadithi ya vizuizi imetuchosha na kutupofusha, kwa sababu inafanya wizi uonekane ni wa noti ndogondogo. Fedha kubwa haipotei barabarani. Inapotea kwenye bei ya kisiki, ile anayolipwa mwenye msitu mti ukikatwa.

Hapo ndipo neno “thamani” linapoanza kunichanganya. Tukisema biashara ya mbao ngumu kati ya Tanzania na China ina thamani fulani, ni thamani ya wapi? Ya kisikini, ya yadini, ya melini, au ya sebuleni kwa tajiri wa Guangzhou? Katika vijiji vya Kilwa, kwa takwimu za mradi wa uhifadhi wa mpingo unaofanya kazi huko, mwanakijiji alikuwa akiambulia kama senti 8 za dola kwa gogo. Kijiji cha Kikole kilipopata msitu wake wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na mwaka 2009 kikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha msitu unaotunzwa vizuri, cha kwanza kwa msitu wa asili wa jamii barani Afrika, kilianza kuuza kwa kama dola 19 kwa gogo. Gogo halikubadilika. Aliyebadilika ni yule mwenye haki ya kusema bei.

Na hata dola 19 si mwisho. Mpingo unapopasuliwa kwa ajili ya klarineti za Ulaya, kinachofaa ni kama sehemu moja ya kumi ya gogo. Kinachobaki ni nyufa, mafundo na vumbi. Kwa mnunuzi wa Ulaya, hicho kipande kidogo ni mali. Kwa mnunuzi wa China, mpingo umo katika orodha rasmi ya miti ya hongmu, fanicha za heshima, na vipande visivyofaa zumari vinamfaa. Mti mmoja, masoko mawili, vipimo viwili vya ubora, na muuzaji wa Kilwa zamani hakujua hata kimoja. Ukitaka kupandisha thamani ya biashara hii kwa Tanzania bila kukata mti mmoja zaidi, mahali pa kuanzia ni ujuzi huo wa masoko.

Majuzi nilikwenda Keko, kwa mafundi fanicha wa Dar es Salaam, kutafuta kitanda cha mninga. Fundi akanionyesha mbao, akagonga kwa ukucha, akasema mninga wa kweli unapatikana kwa kubembeleza siku hizi, wengine wanauza mbao nyingine na kuipaka rangi. Bei aliyonitajia nilimwomba arudie. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Keko wajenzi wapo tele, ni miti inayowapita kwenye makontena. Nikaondoka na stuli.

Kuna kitabu cha tatu kinachoanza kuandikwa, na sioni watu wakikizungumzia vya kutosha. Mpingo, pamoja na karibu ndugu zake wote wa jenasi yake, umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, nchi wanachama zilikubali kuingiza miti ya Afrika ya makundi matatu mengine: la mninga, la mkongo, na la mkangazi. Maana yake ni kwamba shehena halali ya miti hii ikitoka nje sharti iwe na kibali cha CITES, na nchi inayopokea inatakiwa kukiona kibali hicho kabla ya kuruhusu mzigo kuingia. Nchi zote mbili hutoa taarifa kila mwaka, na taarifa hizo huwekwa katika kanzidata ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Hapo unapata muuzaji na mnunuzi katika ukurasa mmoja, kwa jina la mti, si kwa kasha la “mengineyo” ambamo misimbo ya forodha imeuzika mkongo wetu kwa miaka yote.

Kina upungufu wake: kinaandika kiasi, hakiandiki bei. Kwa hiyo dola bado zitatafutwa kwenye kanzidata ya Comtrade ya Umoja wa Mataifa, chini ya misimbo 4403 ya magogo na 4407 ya mbao. China nayo ilirekebisha sheria yake ya misitu, na tangu 1 Julai 2020 inakataza kununua, kusafirisha au kuchakata magogo ambayo mtu anajua yamekatwa kinyume cha sheria. Neno “anajua” ni pana kama mlango wa ghala. Lakini serikali ya nchi yalikotoka magogo ikimpelekea mnunuzi orodha yake ya vibali halali, kutojua kunakuwa kugumu.

Mwaka 2015, huko Durban, Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagascar zilisaini azimio dhidi ya biashara haramu ya mbao na mazao mengine ya misitu. Liliitwa Azimio la Zanzibar, ingawa kalamu ilishikwa Afrika Kusini. Mambo ya ushirikiano wa mipakani na kupashana habari yamo. Ambacho ningekitaka ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kila mwaka, kila nchi ichapishe safu mbili, tulichoandika sisi na walichoandika wao, mti kwa mti, na safu ya tatu ya tofauti, pamoja na maelezo ya kipande kipi ni nauli, kipi ni mzigo wa jirani, na kipi hakina maelezo. Haihitaji mkopo wa benki wala mshauri mwelekezi. TFS, wakala wa misitu, wana vibali; TRA, mamlaka ya mapato, wana fomu za forodha; Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina watu wanaojua tofauti ya FOB na CIF kuliko mimi.

Bajeti ya Maliasili na Utalii husomwa bungeni kila mwaka, na makusanyo ya mazao ya misitu hutajwa ndani yake kwa shilingi. Mbunge yeyote wa Lindi, Mtwara, Ruvuma au Katavi anaweza kuuliza kama swali la msingi: mwaka jana tuliandika tumepeleka China mkongo na mninga kiasi gani, na China iliandika imepokea kiasi gani? Na katika swali la nyongeza aombe jibu litolewe kwa meta za ujazo kwanza, dola baadaye.